Tunaijenga Dodoma, kifusi tunakisukumia korongoni

Ukitaka kujua Dodoma inajengwa kwa kasi gani usihesabu maghorofa, we nenda kaangalie makorongo. Karibu kila korongo linalopita jirani na mtaa unaojengwa sahivi lina kifusi pembeni, plasta iliyobanduliwa, vipande vya tofali, marumaru zilizovunjika, mifuko ya saruji, jipsamu ya dari iliyolowa, na juu yake chupa za plastiki na pampasi za watoto, maana watu wakishaona mahali pamemwagwa kifusi wanajua hapo pamesharuhusiwa, basi kila mtu anakuja na cha kwake usiku.

Mi nasimamia saiti. Sio miradi mikubwa, ni nyumba za kawaida za watu, fremu, uzio, marekebisho ya nyumba za zamani. Kwahiyo hii kitu naiona kila siku na kiukweli inaniuma, kwa sababu kifusi ni mali kabisa. Tofali lililovunjika halina sumu, zege halina sumu ya kutisha, chuma kinauzika, mbao inatumika tena. Vyote hivyo vinageuka uchafu dakika ile tunapovichanganya, yaani pale saidia fundi anapochota kwa chepe kila kilichopo chini na kukitupia kwenye toroli moja. Uharibifu wote unaofuata, kuanzia korongo mpaka maji mpaka mapafu ya watu, mimi nauona unaanzia kwenye toroli hilo.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973, wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa, lakini kasi tunayoiona leo imekuja baada ya 2016 serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia kweli. 2018 Dodoma ikawa jiji, Mji wa Serikali pale Mtumba ukaanza kusimama, treni ya SGR ikaanza kufika 2024, barabara ya mzunguko ya nje ya zaidi ya kilomita 110, uwanja wa ndege wa Msalato, achilia mbali nyumba za watu binafsi Iyumbu, Nzuguni, Ilazo, Nala, Mkonze, kila upande. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 kwenye iliyokuwa manispaa, sensa ya 2022 ikakuta 765,179. Ndani ya miaka kumi. Watu wote hao wanataka pa kulala, pa kufanyia kazi, pa kuuzia, na hawajengi tu, wanabomoa pia. Hapo kwenye kubomoa ndo watu hawapahesabu.

Nyumba za zamani za katikati ya mji zinavunjwa zipandishwe ghorofa. Barabara inatanuliwa, nyumba zinapigwa X nyekundu, baada ya miezi kadhaa zinaenda chini. Mtu kanunua boma la mwenzie, ramani haipendi, anavunja vyumba viwili na choo. Na kitu ambacho mwenye nyumba anakuwa hajakipigia hesabu ni uzito. Chukua ukuta mmoja tu wa urefu wa mita 10, kwenda juu mita 3, tofali la inchi sita. Hiyo ni mita za ujazo 4.5, na ukijumlisha plasta pande zote unakaribia tani 9. Ukuta mmoja! Alafu ukishauvunja haubaki mita 4.5, vipande vinaachiana nafasi, unakuta rundo linaenda kama mita 7. Nyumba ya vyumba vitatu ina kuta ngapi? Sasa fikiria mwenye nyumba aliyepanga bajeti ya tofali, saruji, nondo, mabati na ufundi, hajaweka hata shilingi ya kuondoa kifusi, anakuja kushtuka rundo limefunga mlango wa kuingilia na fundi hana pa kuchanganyia zege. Anamwambia dereva yeyote anayepita "kaka niondolee hii kitu, utajua mwenyewe pa kupeleka." Na dereva anajua kweli.

Nimeshaongea na hawa madereva wa tipa na wa toyo, zile pikipiki za matairi matatu za mizigo, siwezi kuwalaumu wao peke yao. Mmoja aliniambia "Bosi, hela uliyonipa inatosha mafuta ya kwenda na kurudi hapo jirani, ukitaka nifike dampo la jiji kule Chidaya niongeze mara mbili." Ana haki. Ukimlipa mtu bei ya korongoni atamwaga korongoni, hata ukimwambia kwa mdomo aende dampo.

Watu wanasema korongo si limekauka, litadhurika nini? Hapa ndo pa kukaa kidogo, maana mtu aliyetoka Arusha au Mbeya haielewi ardhi yetu vizuri. Dodoma tunapata mvua kidogo, kama milimita 550 mpaka 600 kwa mwaka, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi. Lakini hiyo mvua kidogo ikija haiji kistaarabu, inaweza kushuka lisaa limoja ikamwaga maji ya wiki nzima, na ardhi imekauka imekuwa ngumu, majani hamna, maji hayazami yanakimbia juu, na njia yake ya kukimbilia ni hilohilo korongo uliloliona kavu Agosti. Ukishaliziba nusu kwa kifusi, maji yanatafuta pengine pa kupita, na pengine ni ukumbini kwa mtu. Au yanakula ukingo wa upande wa pili, korongo linapanuka, mwaka kesho limeshafika kwenye msingi wa nyumba ambayo mwenyewe hakuwahi kumwaga hata ndoo moja ya kifusi. Vipande vingine vinasombwa vinaenda kukwama kwenye kalavati, mchanga unajazia, kalavati linaziba kabisa.

Na mkoa huu mmomonyoko tunaujua kuliko karibu mikoa yote ya Tanzania. Kondoa iliharibika mpaka serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, mwaka uleule wa uamuzi wa makao makuu, na 1979 ikafikia hatua ya kuondoa mifugo yote kwenye eneo lililoharibika zaidi ili ardhi ipumue. Wazee wa kule wanakumbuka ng'ombe wakiondolewa. Kizazi kilichoona ardhi ikichanika vile kinakuja kushangaa mjini tunachokonoa makorongo mapya kwa kifusi.

Kingine ni maji ya kunywa. Dodoma hatuna mto wa kudumu wala ziwa, maji ya jiji kwa sehemu kubwa yanavutwa chini ya ardhi, visima vya Mzakwe kule Makutupora, na watu wengi pembezoni wamechimba visima vyao wenyewe. Sasa tofali peke yake halitachafua kisima chako. Ila ndani ya lile toroli moja kuna makopo ya rangi yenye rangi bado, kuna matambara ya tina ya kuyeyushia rangi, kuna oili ya mashine, kuna lami. Vikikaa korongoni mvua inaviosha, na maji ya korongoni ndo yanayozama taratibu kwenda chini.

Ngoja nipite kwenye rundo lenyewe kwa kilichomo, maana nimegundua watu wengi wanaishi na hivi vitu majumbani na hamna aliyewaambia.

Jipsamu ikikaa kavu haina shida kubwa. Ila ikilowa na kufukiwa pamoja na mabaki ya chakula na majani, sehemu isiyo na hewa, wadudu wadogo wasioonekana wanaila na kutoa gesi yenye harufu ya yai viza, na gesi hiyo ikiwa nyingi mahali pamoja ni hatari kweli. Kwahiyo kuitupa jalalani kwenye takataka za nyumbani ni kosa, ingawa ndo inafanyika kila mtaa.

Mbao. Hapa naomba akina mama wanisome vizuri. Zile mbao za kenchi zenye rangi ya kijani zimewekwa dawa ili zisiliwe na mchwa, na dawa nyingi za aina hiyo zina shaba, kromiamu na aseniki. Nyumba ikibomolewa au mafundi wakimaliza kupaua, vipande vinabaki na kuna mtu atakuja kuviomba vya kuni. Nimemkuta mama anayewapikia mafundi ugali ameviweka jikoni, nikamwambia mama yangu hizi hapana, chukua za mirunda, hizi za kijani moshi wake una sumu na majivu yake ndo mabaya zaidi. Akaniangalia akasema "mwanangu, si mbao ni mbao tu?" Ni swali la haki kabisa, maana ubao haukuandikwa chochote. Alizitoa. Lakini saiti ngapi hazina wa kusema, na majivu yale yanaenda kumwagwa kwenye bustani ya mchicha.

Bomba za plastiki na nyaya. Vijana wanachoma nyaya ili wapate kopa ya kuuza kwa mtu wa skrepa, na moshi ule mweusi una asidi na sumu zingine ambazo hazitoki mwilini haraka. Kuchuna nyaya kwa kisu kunachukua muda ila kopa inatoka safi na bei yake inakuwa nzuri kuliko iliyoungua.

Alafu asbesto. Nyumba nyingi za miaka ya 70 na 80, hasa za taasisi, ziliezekwa kwa yale mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi, yanafanana na saruji iliyokandamizwa. Yakikaa juu bila kuguswa hayana shida kubwa. Yakipigwa nyundo yanatoa nyuzi ndogo sana ambazo macho hayazioni, zinaingia kwenye mapafu na hazitoki, na ugonjwa wake unakuja kutokea baada ya miaka ishirini, thelathini au zaidi, kansa ikiwemo. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto zinasababisha kansa. Na mimi nimeona mabati hayo yakivunjwa kwa sururu na vijana waliovaa kandambili, vipande vikachukuliwa kuezekea banda la kuku. Kijana wa miaka 20 aliyevunja siku ile, akianza kukohoa ana miaka 50, nani atakumbuka kwamba ilikuwa ni siku mbili za kibarua? Kisheria hii ni taka hatarishi na kuishughulikia kunahitaji kibali, kwahiyo ukinunua nyumba ya zamani yenye paa la hivyo usiite tu vijana, ulizia kwanza NEMC, baraza la taifa la mazingira, au ofisi ya mazingira ya jiji. Kama yanabidi kushushwa, yanashushwa mazima, yanalowanishwa kwanza, parafujo zinafunguliwa badala ya kugongwa, yanafungwa kwenye nailoni nzito, na barakoa inakuwa ile maalumu ya vumbi laini, sio kitambaa.

Hata bila asbesto vumbi letu lenyewe linatosha. Ukikata marumaru au tofali kwa grainda bila maji, lile wingu jeupe lina silika, yaani unga laini wa mawe na mchanga, na silika inakula mapafu polepole. Kwa upepo wa Dodoma kati ya Juni na Oktoba vumbi hilo halibaki saiti, linaingia kwa jirani. Ndoo ya maji na mtu mmoja wa kumwagia inapunguza sana, gharama yake ni ndogo mno.

Sasa kuna upande mwingine wa hii habari ambao hauonekani saitini kabisa. Kila tripu ya kifusi tunayotupa tunaifidia kwa tripu mpya ya mchanga, kokoto au moramu, ule udongo wa changarawe. Mchanga wetu unatoka kwenye mito ya msimu. Mtu asiye wa huku anaona ni mchanga tu kwenye mto mkavu, ila kwa vijiji vingi ule mchanga ndo tangi la maji, mvua ikipita maji yanabaki yamejificha ndani, kiangazi watu wanachimba shimo wanachota, ng'ombe wananywa. Tipa zikishakomba mchanga mpaka kwenye mwamba, hakuna cha kuhifadhi maji. Wakati huohuo mjini tunatupa kifusi ambacho kingeweza kujaza misingi mingapi.

Na saruji ndo usiseme. Kuitengeneza inabidi jiwe la chokaa lichomwe kwenye joto la kama nyuzi 1,450, hewa ya ukaa inatoka kwenye moto na inatoka kwenye jiwe lenyewe, ndo maana saruji peke yake inachangia kama asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu duniani. Mfuko mmoja wa kilo 50 una wastani wa kilo 30 mpaka 40 za hewa hiyo nyuma yake. Fundi akimimina zege ovyo likabaki la kumwaga, au ukuta ukajengwa nje ya ramani ukabomolewa, hasara hiyo imeshaenda angani hata kabla kifusi hakijafika korongoni. Kwahiyo kuangalia ramani vizuri kabla ya kuchimba msingi na kupima zege kabla ya kulichanganya nako ni kutunza mazingira, tena kwa bei rahisi kuliko zote.

Mzee mmoja jirani na saiti tuliyokuwa nayo kule Mkonze, Mgogo wa asili kabisa, alikuwa anakuja jioni kukaa na sisi. Siku moja nikamuuliza, shikamoo babu, hivi tembe, ile nyumba ya miti na udongo, likichakaa mlikuwa mnalifanyaje? Akaniambia "Mjukuu wangu, miti mizima tunaihamishia kwenye tembe jipya, udongo unabaki palepale, na yale mahame tuliyoyaacha ndo palikuwa pazuri kwa mahindi." Sisemi turudi kwenye matembe sote, jiji la watu laki saba na zaidi haliwezi. Ila sikilizeni alivyosema, wao walianza kwa kutoa miti. Walitenganisha.

Na ndivyo wanavyofanya waliofanikiwa. Japani ilitunga sheria mwaka 2000 inayolazimisha zege, lami na mbao vitenganishwe jengo likivunjwa, haikusubiri kuchambua dampo. Delhi, India, walifungua kiwanda cha kuchakata kifusi pale Burari mwaka 2009, wanasaga, wanatengeneza tofali za kutandika njia na mawe ya pembeni ya barabara, na 2016 India ikatoa kanuni maalumu za taka za ujenzi na ubomoaji. Delhi ina vumbi na msongamano kutuzidi, hela ya kuchezea haina.

Sisi sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka jukumu la taka ngumu kwa serikali za mitaa, na kanuni za taka ngumu zipo tangu 2009, miradi mikubwa inapitia tathmini ya athari kwa mazingira. Tatizo naliona kwenye nyumba ya kawaida, hii ya mimi na wewe, ambayo inapata kibali cha ujenzi kwa ramani yenye vipimo vya kila kitu, na hakuna mahali pa kujaza kifusi kitaenda wapi. Ningependa kibali hichohicho kiwe na mstari huo mmoja, pa kumwaga pawe pameandikwa, na mtendaji wa mtaa awe na nakala.

Kwenye saiti ninazosimamia utaratibu wetu wa kubomoa ni huu. Mabati yanafunguliwa kwanza, kenchi zinashushwa, mbao zinang'olewa misumari, milango na madirisha yanatoka na fremu zake, nyaya, swichi, masinki, bomba, alafu jipsamu inatolewa yote na kuwekwa pakavu. Hapo nyumba imebaki kuta tupu na ndipo nyundo inaingia. Inaongeza siku, sikatai, lakini mlango wa mninga wa nyumba ya zamani una wateja wengi kuliko hii milango mipya, tofali za kuchoma nyingi zinatoka nzima ukizigonga taratibu, na chuma kinachukuliwa hapohapo na mtu wa skrepa kinaenda kuyeyushwa. Kinachobaki ni zege, tofali na plasta. Hicho tunakivunjavunja kiwe kidogo, tunajazia ndani ya msingi mpya kwa tabaka, tunamwagia maji na kushindilia, juu yake ndo jamvi, zege la sakafu. Kingine kinaenda chini ya pevingi za uani. Tahadhari ni moja, usikitumie kama kokoto kwenye nguzo, lenta wala slabu, kina plasta iliyoganda inayofyonza maji na nguvu yake hujaipima.

Kinachozidi kinahitaji mahali. Na mahali papo, pembezoni mwa jiji yamejaa mashimo yaliyochimbwa moramu ya barabara, yameachwa wazi, mvua zikija yanajaa maji na watoto wanaenda kuogelea humo. Mashimo hayo yakipangwa na jiji, yawe mbali na visima na njia za maji, akakaa mtu getini anayerudisha tripu yoyote yenye jipsamu, mbao, plastiki au asbesto, yatameza kifusi safi cha miaka mingi na mengi yako karibu na saiti kuliko dampo, kwahiyo hata dereva hana sababu. Nimelipeleka wazo hili kwenye mkutano wa mtaa wetu na mwenyekiti kaahidi kulipandisha kata. Wenye mashimo mitaani kwenu lipelekeni na nyie wazo hili kabla ya Desemba, mvua zikishaanza hakuna tipa litakaloshuka huko.